Zana za Mkono na Hamu ya Kuzinunua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota barazani, karakanani, na katika simu za usiku za watu waliotoka soko la Kongowea, hapa Mombasa, na mfuko mzito wakaogopa kuuingiza ndani. Mchana mimi ni karani. Jioni, nyumbani Kisauni, naranda mbao. Nina randa kumi na nne. Marehemu baba, seremala wa Majengo, alikuwa na mbili, na kwa hizo mbili alilea watoto sita. Tofauti hiyo ndiyo iliyonikalisha chini nikaandika. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwa visa visivyo vya kila siku. Palipo na jibu mahali pengine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Zana za mkono ni zipi hasa?

Ni zile zinazokwenda kwa nguvu za mwili wako, bila umeme wala injini: nyundo, msumeno, randa, patasi, juba, bobari (patasi yenye tao), tezo, tupa, keekee ya mkono, bisibisi, koleo, spana, jiriwa (ya kubania), guniya (ya kupimia pembe), pimamaji, timazi. Majibu mengi hapa yanaegemea useremala kwa kuwa ndiko nilikolelewa, ila fundi wa magari na fundi wa mabomba watajiona humu vilevile.

2. Kuna tofauti gani kati ya kupenda zana na kushikwa na hamu ya kununua?

Idadi peke yake haisemi kitu. Mchongaji anaweza kuwa na patasi na bobari arubaini, na kila moja ikala kazi kila wiki. Kipimo ninachotumia ni kumbukumbu. Funga sanduku, kisha taja patasi zako moja moja, upana wake, na kazi ya mwisho uliyoifanya nayo. Anayependa zana hujibu kama aliyeulizwa majina ya watoto wake. Aliyeshikwa na hamu hukumbuka vizuri siku ya kununua, bei aliyoanza nayo muuzaji na bei waliyokubaliana. Kazi haikumbuki kwa sababu haikuwapo.

Dalili ya pili ni kununua kitu ulicho nacho. Mimi nimenunua guniya ya inchi sita mara tatu. Dalili ya tatu ni kuficha: zana inalala kwenye buti la gari mpaka watu wa nyumbani walale. Ukifika hapo, soma swali la 17 na la 18.

3. Anayeanza anahitaji zana ngapi?

Chache kuliko atakavyoambiwa dukani. Kwa stuli, rafu na meza ndogo zinatosha msumeno mmoja wa meno ya wastani, randa moja ya urefu wa kati, patasi tatu (ya robo inchi, ya nusu na ya robo tatu), nyundo, guniya, futi, penseli, jiriwa mbili na jiwe la kunolea. Jiwe ndilo linalosahauliwa, na bila hilo randa na patasi hufa ndani ya wiki mbili.

4. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Si wametuhukumu sisi?

Wamemhukumu aliyesimama ukingoni mwa shamba. Nenda Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963, ukamtazame mtu anayechonga twiga. Mbele yake zimelala tezo kubwa na ndogo, visu na tupa, na mkono wake unachagua bila kusaidiwa na macho. Tezo kubwa ya kuondoa mwili wa gogo, ndogo ya kufuata shingo. Huyo anachagua jembe kutwa nzima, naye ni mkulima hasa, maana kila anapochagua kuna mti unaomngoja. Mwenzangu na mimi tunachagua, kisha hakuna mti. Methali imelenga hapo.

## Kwa nini zana inavuta

5. Kwa nini moyo hunienda mbio nikiiona, na nikifika nyumbani hamu imekwisha?

Kwa sababu sehemu kubwa ya raha imo katika kungoja. Mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali ya hamu na raha. Mwanzoni seli zilichangamka nyani alipoonjeshwa maji ya tunda. Nyani alipozoea kwamba kuna ishara inayotangulia maji hayo, seli zikawa zinachangamka kwa ishara, na maji yenyewe yakapita kimya. Matokeo hayo, yaliyochambuliwa kwa kina mwaka 1997, yananieleza jambo ninalolijua tangu Kongowea: gunia likifunuliwa, ukaona pembe ya chuma chini ya minyororo ya baiskeli, mwili tayari umeshakula. Kulipa ni kukunja jamvi.

Soko la mitumba linazidisha moto huo kwa kuwa halina ahadi. Duka lenye rafu hukupa kila siku kitu kilekile. Gunia la mitumba hukupa takataka mara tisa, na mara ya kumi likakupa randa ya chuma safi kwa bei ya sahani ya biriani. Malipo yasiyojulikana yatakuja lini humshika kiumbe kuliko yanayokuja kwa zamu, mwanasaikolojia B. F. Skinner aliliona hilo kwa njiwa na panya katika karne iliyopita. Ndiyo sababu mara ile ya kumi unaisimulia mpaka leo na zile tisa huzikumbuki.

6. Mbona zana, si viatu au saa?

Zana ina mpini, na mpini humwita mtu. Shika patasi iliyotengenezwa vizuri: kidole gumba kinajua pa kulala kabla hujafikiri. Kwa muda huo unaoishika, wewe ni mtu anayeweza kutengeneza mlango. Viatu havikwambii hivyo. Ninavyoona mimi, tunacholipia ni yule mtu. Karani hununua useremala. Kijana asiye na karakana hununua karakana. Mzee anayekaribia kustaafu hununua miaka ishirini mingine ya mikono yenye nguvu.

Sasa sikiliza kilichoonekana Japani mwaka 1996. Atsushi Iriki na wenzake waliwafundisha nyani kuvuta chakula kwa reki ndogo, wakapima seli za ubongo zinazoshughulikia mkono na nafasi iliyo karibu na mkono. Nyani alipoitumia reki kwa muda, nafasi ile ilirefuka ikaichukua reki nzima, kana kwamba mkono umekua. Alipoishika tu bila kuitumia, haikurefuka.

Nimelala na kuamka na jambo hili. Ile raha tunayoitafuta, ya chuma kuwa kiungo cha mwili, ipo kweli. Baba alikuwa nayo. Randa ikikwama alishtuka kama aliyejikwaa. Lakini raha hiyo huingia mkononi kwa kutumia, na muuzaji hana namna ya kukufungia kwenye gazeti ukaondoka nayo. Ndiyo maana randa ya kumi na nne haikunishibisha kuliko ya tatu.

Ipo pia sababu ya watu. Mwenye jozi arubaini za viatu ataulizwa. Mwenye patasi arubaini ataitwa mchapakazi. Zana ina heshima, inadumu, na daima "itafaa siku moja". Bidhaa zenye udhuru mzuri kama huo ni chache.

7. Kwa nini moja huzaa nyingine?

Uzazi mmoja ni wa haki. Patasi inataka jiwe, jiwe linataka mahali pa kutulia, msumeno unataka tupa ya pembetatu.

Uzazi wa pili ni wa namba. Mmarekani Leonard Bailey alibuni randa za chuma zinazorekebishwa kwa gurudumu, kampuni ya Stanley ikachukua biashara yake mwaka 1869, na randa hizo zikauzwa kwa namba: kuanzia 1, yenye urefu wa inchi tano na nusu, hadi 8, yenye inchi 24. Mtu akishapata namba 4 na namba 5, huanza kuhisi kwamba 3 na 6 zimepotea, ilhali hazijawahi kuwa zake. Namba 1 ni ndogo mno, kiganja cha mtu mzima hakiishiki vizuri, nayo ndiyo wakusanyaji huilipia fedha nyingi. Kazi za nyumbani humalizwa na 4 na 5. Namba 7, ya inchi 22, ina haki yake kwa anayenyoosha kingo za mbao ndefu.

8. Tabia hii imeanza na sisi?

Kujaza sanduku ni kwa kale. Mwaka 1936, katika kisiwa cha Gotland huko Sweden, palilimwa shamba likaibuka sanduku la fundi wa enzi za Waviking, na vitu vyake ni zaidi ya 200. Marekani, fundi wa vinanda Henry Studley, aliyefariki mwaka 1925, alijitengenezea kabati la ukutani lenye zana zaidi ya 200, kila moja na kiota chake. Huyo alikuwa akizitumia kazini.

## Kununua Mombasa

9. Nitapata wapi mjini?

Mpya ziko kwenye maduka ya hadiwea ya Mwembe Tayari na mitaa ya jirani. Za mitumba ziko Kongowea, ukienda mapema. Tezo na bobari nzuri hutoka kwa wahunzi wanaofua springi za gari, chuma ambacho kimeshazoea mateso.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote ni fundi anayestaafu. Zana za mtu aliyezitumia miaka thelathini zimeshachujwa; mbovu alishazitupa zamani. Mwendee kwa adabu, mwamkie shikamoo, unywe naye kahawa, bei iwe neno la mwisho. Mzee akiona utazitumia, atakuonyesha na zile ambazo hakutaka kuziuza.

10. Nikague nini kabla ya kulipa?

Randa igeuze, utazame mdomo wa wayo (uso wake wa chini) na hasa pembe zake. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hupasuka kikianguka kwenye sakafu ya simiti, na ufa hupenda kuanzia hapo. Ukiona ufa, irudishe. Kutu ya juujuu isikutishe. Vishimo vya kutu nyuma ya bapa, karibu na ncha, ndivyo vya kuogopa, kwa sababu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana; uso mmoja ukiwa na vishimo, makali yatakuwa na mapengo kila utakaponoa.

Patasi, tazama urefu wa chuma uliobaki, kisha tafuta rangi ya buluu kwenye ncha. Buluu ina maana kwamba mtu aliitia kwenye jiwe la umeme ikapata moto wa takriban nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu ukatoka. Sehemu hiyo haishiki makali mpaka uisage yote iishe. Nimenunua patasi ya namna hiyo kwa shilingi 400 nikadhani ile buluu ni mapambo.

Msumeno, funga jicho moja utazame bapa kwa urefu wake. Mpindo wa taratibu hunyooshwa. Mkunjo mkali huachwa. Kitu cha kupigwa nyundo ambacho kichwa chake kimechanua kama uyoga, kisage kabla hujakipiga hata mara moja, kwa kuwa vipande vyake hurukia macho.

11. Muuzaji anasema "hii ni Sheffield". Nimwamini?

Kiamini chuma. Jina la Sheffield lilipatikana kwa kazi: Benjamin Huntsman alianza kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu huko miaka ya 1740, na zana za mji huo zikasifika dunia nzima, zikaja mpaka huku pamoja na reli na serikali ya kikoloni. Lakini mhuri ni kazi ya dakika moja. Pitisha tupa mahali pasipo na kazi, karibu na makali. Chuma kilichokazwa huikatalia tupa, ikateleza. Chuma laini huachia unga upesi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekujibu.

12. Mpya ya bei nafuu si bora kuliko mitumba?

Kwa spana, koleo na futi, ndiyo, nunua mpya. Kwa randa, mara nyingi hapana: ile ya bei ya chini huja na wayo uliopinda na bapa laini, nawe utamaliza Jumamosi nzima kuinyoosha. Misumeno mingi ya siku hizi ina meno meusi yaliyokazwa kiwandani. Hukata vizuri, lakini tupa haiwezi kuyanoa, kwa hiyo yakiisha umenunua bapa la chuma.

## Kutu na makali

13. Mbona zinashika kutu hata kabatini?

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu ikaushikilia juu ya chuma. Msimu wa masika, Aprili hadi Juni, ni vita. Kwa wakazi wa Mji wa Kale, usiegemeze sanduku kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, maana kuta hizo hutoa jasho. Usihifadhi patasi ndani ya ala ya ngozi wala kwenye sponji. Vyote viwili hukaa na unyevu. Jasho la mkono nalo ni chumvi, hivyo futa kila zana kabla ya kuirudisha, kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Mafuta ya nazi yanakinga kwa siku chache, baadaye hunata.

Wapo walioniuliza kuhusu sifa, yale mafuta ya papa wanayopakwa majahazi. Yanakinga chuma, ila harufu itahamia kwenye mbao na kwa atakayenunua kiti.

Hesabu jambo hili unapotamani nyingine: kila chuma utakachokileta kitadai kupanguswa, mwezi hadi mwezi, maisha yako yote hapa Mombasa. Randa zangu kumi na nne hunila Jumapili moja ya kila mwezi. Baba alimaliza zake wakati chai inachemka.

14. Natoaje kutu iliyoshika?

Fungua zana vipandevipande, ulaze chuma katika siki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi ya waya. Kisha ioshe kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua asidi, ianike juani, na uipake mafuta ikiwa bado ina joto. Ukwaju hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi. Usiisahau ndani ya siki siku tatu. Asidi ikimaliza kutu hugeukia chuma.

15. Nitanoaje bila vifaa ghali?

Tafuta kipande cha kioo kinene, kama cha dirisha la zamani, na msasa wa maji wa namba 220, 400, 800 na 1500. Lowesha kioo, laza msasa. Anza na uso wa nyuma wa patasi, sentimita mbili za mwisho, mpaka ung'ae sawasawa. Kazi hiyo hufanywa mara moja katika maisha ya patasi. Halafu geuza upande wa mteremko, uuweke kwenye pembe ya takriban nyuzi 25, upande msasa hadi msasa. Mwishoni inua kidogo, kama nyuzi 30, upitishe mara chache tu. Jaribia kwenye kichwa cha ubao wa msonobari, pale nyuzi zinapokatika. Ikikata ikaacha uso laini bila vumbi, umefika.

Kinolewacho hupata. Nakusihi ujifunze hili kabla ya kununua chochote kingine, kwa sababu nyingi ninazoonyeshwa na watu kama "mbovu, nataka ya maana zaidi" ni butu tu. Nimewahi kunoa patasi ya jirani mbele yake. Alikuwa na nauli mfukoni ya kwenda kununua seti mpya. Aliipitisha kwenye ubao mara moja, akakaa kimya, akaendelea kuipitisha mpaka magharibi ilipoadhiniwa.

## Fedha na nyumba

16. Mume wangu huleta chuma kila Jumamosi. Nifanye nini?

Dada yangu, kwanza usiviuze wala kuvitupa kwa siri. Utakuwa umekata mkono wake, naye atanunua upya kwa uchungu. Muulize kila kimoja kitatengeneza nini, kisha umngoje ajibu. Mwombe kitu kimoja cha nyumba, kama rafu ya jikoni, kwa tarehe mnayokubaliana. Mpeni chuma nafasi yenye mipaka, kabati moja, na likijaa kimoja kitoke ndipo kingine kiingie. Mume anayependa kazi atafurahi kuombwa. Kama akiba ya karo au kodi imeguswa, soma swali la 18.

17. Ni njia gani za kupunguza zinazofanya kazi kweli?

Kuapa hakukunisaidia, kiapo cha mwaka mzima kilivunjika mwezi wa pili. Kusubiri siku saba hufaa dukani, lakini Kongowea kitu kitakuwa kimekwenda, na hofu hiyo ya kukikosa ndiyo ndoano yenyewe.

Kilichonisaidia ni mbao kwanza. Ubao wa mvule ukiwa umelala juu ya meza, umepimwa na kuchorwa, naweza kwenda sokoni kutafuta zana ambayo ubao huo unaidai. Bila ubao mezani, naenda Kongowea kununua viazi. Pamoja na hilo nina daftari dogo: jina la zana, siku niliyoinunua, na safu ya kazi ilizofanya. Safu tupu zinaumiza kuliko maneno ya mtu yeyote.

Jaribuni pia kuazimana. Sisi ni wanne mtaani. Mmoja ana randa ndefu, mmoja ana keekee kubwa, mmoja ana jiriwa ndefu za kugundishia meza. Na usinunue zana kwa Fuliza wala mkopo wa simu, hata iwe bei gani. Zana inayostahili deni ni ile ambayo mteja ameshalipia kazi yake.

18. Lini jambo hili ni ugonjwa?

Pale unapotaka kuacha na huwezi, madeni yanapanda, unadanganya watu unaowapenda, au nyumba imejaa mpaka pa kupita hapana. Tabia hii ina jina katika utabibu. Daktari Emil Kraepelin aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, inautaja ununuzi wa kupita kiasi pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Kulimbikiza vitu mpaka kushindwa kuviachia ni tatizo jingine, lenye nafasi yake tangu mwaka 2013 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Tiba ya mazungumzo husaidia wengi. Hospitali kubwa za umma zina kliniki ya afya ya akili. Kwenda huko ni kama kwenda kwa daktari wa meno, ukiumwa unaenda.

## Visa visivyo vya kila siku

19. Nimepata spana za zamani, hazikai kwenye nati yoyote. Ni mbovu?

Huenda ni za inchi, au za kipimo cha Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza viwango vyake mwaka 1841. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, wala si upana wa nati, kwa hiyo iliyoandikwa nusu inchi hufunguka karibu milimita 23. Zinafaa kwa mitambo ya Kiingereza ya zamani. Usilazimishe spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, pengo hilo dogo hutosha kula pembe zote za nati.

20. Kuna rula ya zamani ninayouziwa, inasemekana ni ya pembe za ndovu.

Iache. Rula za kukunja za namna hiyo zilitengenezwa kweli Uingereza zamani. Lakini Kenya, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki pembe za ndovu bila kibali ni kosa, na umri wa kitu hautakuokoa mlangoni.

21. Mtu hunifuata jioni na spana mpya za meli, bei ya kutupa. Kuna tatizo?

Kuna tatizo, na unalijua ndiyo maana umeuliza. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Hamu ya zana hulegeza dhamiri mahali ambapo kwa kitu kingine ungekataa palepale. Omba risiti, akiondoka, mwache aondoke.

22. Baba amefariki, ndugu wanagombania sanduku lake. Ni la nani?

Kwa Waislamu, zana ni mali kama mali nyingine: hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kwa mafungu yao, mabinti na mama wakiwemo. Kufanya kazi na baba miaka yote hakukupi sanduku, isipokuwa alikupa wazi akiwa hai. Mkishindwa kuelewana, nendeni Mahakama ya Kadhi. Sisi tulizithaminisha, nami niliwalipa ndugu zangu mafungu yao ili zile randa mbili zisitengane. Hizo ndizo mbili katika kumi na nne ambazo daftari langu haliwezi kujaza safu zake.

23. Kuna zana ya marehemu ambayo hakuna anayejua kazi yake. Nitaitambuaje?

Isome ilivyochakaa kabla ya kuisafisha. Tazama mpini umelika upande gani, maana huko ndiko kidole kilikokaa. Tazama kichwa: kama kimepigwa nyundo ya chuma kina makovu, kama kilisukumwa kwa kiganja kimeng'aa. Tazama kama makali yamenyooka au yana tao. Kisha ipeleke kwa wazee wa kazi, bila kutoa jina la kubahatisha, kwa sababu ukilitaja watakubali kwa adabu.

Kwenye sanduku la baba mlikuwa na bobari fupi yenye tao dogo kuliko zote nilizoziona. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kibokoni. Aliishika kabla hajaniuliza nimeitoa wapi, akaigeuza, gumba lake likaingia kwenye bonde la mpini lililochimbwa na gumba la baba, akaisukuma hewani mara mbili kwa mkunjo wa kiwiko. Ni ya maua ya fremu za milango, akasema, na akanionyesha mlango wenye maua hayo.